Alama Kumi za Kula

Baba mdogo alipatwa na kiharusi shambani, mpunga ukiwa umekwisha inamisha vichwa, katika tambarare ya Kyela upande wa kwenda Matema. Mkono wake wa kulia ulikufa, na mguu wa upande ule ukawa mzito. Miezi minne baadaye nalikuwapo nyumbani alipokuja kijana wa mazoezi ya viungo, karatasi mkononi, kupima amefika wapi katika utengamao wake.

Kipimo chenyewe ni kile cha Barthel, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel. Kina mambo kumi: kula, kuoga, kunawa uso na kuchana nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kutoka kitandani hata kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Atimizaye yote hupata 100. Sikidharau kipimo hiki. Mtu aliyetoka 20 akafika 60 amerudishiwa sehemu kubwa ya heshima yake, wala hahitaji mwanachuoni kumweleza.

Walakini ilipofika zamu ya ngazi, kijana alitazama huku na huku. Nyumba yetu ina kizingiti tu, na ngazi tuliyo nayo ni ya kuezekea paa. Akaandika sifuri. Choo chetu ni cha shimo, hakina kiti. Kwa kuchuchumaa akiwa ameshikwa bega, baba mdogo alipewa 5 katika 10. Kwa kula alipewa 10 kamili, maana alijilisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Jumla ikawa 75.

Hapo moyo wangu ulikataa. Tangu atoke hospitali, baba mdogo alikuwa akila peke yake nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza migombani. Kwetu mkono wa kushoto hauingii katika sinia la watu. Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzio. Monica Wilson alilieleza kwa urefu katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Baba mdogo alikuwa mtu wa ukwangala hasa. Karatasi ilimnyima 10 kwa kitu asichokihitaji, ikamjazia 10 pale alipopoteza karibu kila kitu.

Watunzi wasidhulumiwe: wenyewe walionya ya kuwa mwenye 100 huenda asiweze kupika, kutunza nyumba wala kukutana na watu. Tena mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo unaopambanua kutenda jambo na kushiriki maishani. Lakini onyo hilo halimo katika ile mistari kumi, na mpimaji mwenye wagonjwa wengi huondoka na jumla.

Nalimweleza kijana. Alisikiliza vema, akaandika maneno machache pembeni, pasipo alama. Mama mdogo, aliyekuwa akipepeta mchele, hakusema kitu. Jioni ile alitandika mkeka, akaweka sinia la wali na mbasa, na kando yake vijiko sita, kimoja kwa kila mwanamume. Mzee mmoja alinung'unika ya kuwa bati huharibu ladha ya wali (nadhani alisema kweli). Baba mdogo alikuja polepole na mkongojo wake, akaketi ukingoni mwa mkeka, akala kidogo.

Alipopimwa tena, mstari wa kula haukubadilika: 10, kama kwanza.