Kuhifadhi na Kutazama Video za Masomo: Tuliyojifunza kwa Makosa Yetu

Katika makala hii tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi yale tuliyoyapata katika miaka kadhaa ya kukusanya, kuhifadhi na kutazama video za masomo kwa kompyuta na vishikwambi. Hatuandiki kama mafundi wa mitambo. Tunaandika kama wakufunzi waliokosea, wakaaibika mbele ya darasa, na mwishowe wakapoteza kitu ambacho hakikurudi kama kilivyokuwa. Msomaji akiepuka kosa moja tu kati ya makosa yetu, kazi hii haitakuwa bure.

Zana yenyewe si ngeni katika elimu ya ualimu. Katika miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Dwight Allen na wenzake walianzisha utaratibu wa kumpa mwalimu mwanafunzi somo fupi la dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, kulirekodi, kisha kumwacha ajitazame na kujisahihisha. Nchini kwetu televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara ikaipata mwaka 1994. Hivyo wengi wetu tuliosomea ualimu zamani hatukupata kujiona tukifundisha. Leo simu ya mfukoni hurekodi somo zima. Tena, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu. Chombo kimefika. Lililobaki ni kujua tumetia nini ndani yake, na tutakipataje saa tutakapokihitaji.

Siku ya mbegu

Tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mwalimu mwanafunzi wetu alikuwa na Darasa la Nne lenye watoto 73, na mada yake ilikuwa kuota kwa mbegu. Sisi ndio tuliomshauri atumie video, na sababu yetu ilikuwa nzuri: haragwe huchukua siku kadhaa kuota, lakini video iliyorekodiwa kidogo kidogo huonyesha mzizi ukichomoza na jani likifunguka kwa dakika mbili tu. Tukamwazima kishikwambi chetu, tukijisifu kwamba kina video zaidi ya 300.

Fahari ile haikudumu. Video zote zilikaa mahali pamoja, nyingi zikiwa na majina ambayo simu huyatoa yenyewe: herufi tatu, kisha mwaka, mwezi, siku na saa. Kijana wa watu akafungua arusi ya ndugu zetu. Akafungua mechi ya mpira. Akafungua mahafali ya chuo. Watoto walicheka. Dakika nane kati ya 40 za kipindi zikapotea. Hatimaye video ilipopatikana, sauti ilisikika vizuri lakini kioo kilibaki cheusi. Video hiyo hiyo tulikuwa tumeitazama usiku uliotangulia katika kompyuta ya chuo bila taabu yoyote.

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliinuka kimya akatoka. Alirudi na bilauri tatu zenye pamba na maharagwe aliyoyaotesha kwa siku tofauti: moja lilikuwa limevimba tu, la pili limetoa mzizi, la tatu lina majani. "Mwanangu, endelea na somo," alimwambia mwanafunzi wetu kwa upole. "Hiyo mashine itakusubiri." Watoto walizizunguka bilauri. Sisi hakutuambia neno, lakini ujumbe wetu tuliupata.

Kila faili na jina lake

Tuliporudi chuoni tuliketi tukapanga upya. Kwanza tulitenga mambo ya nyumbani na ya kazi, ili arusi isikae na mbegu. Kisha tukafuata mpango ambao kila mwalimu anaujua tayari, yaani muhtasari wa masomo: folda ya somo, ndani yake folda ya darasa, na ndani ya hiyo, mada. Kila faili tukalipa jina linalosema lilivyo, kwa mfano: sayansi, darasa la 4, kuota kwa mbegu, dakika 2. Mafaili yanayofuatana tuliyapa namba 01, 02, 03, kwa maana kompyuta nyingine huweka 10 kabla ya 2 usipotanguliza sifuri. Tarehe tuliiandika kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mafaili yakajipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Pamoja na hayo tulifungua daftari la kawaida la kurasa 96, tukalipiga mistari: namba, jina la faili, mada, urefu, dakika iliyo muhimu, na mahali video ilipotoka. Mwalimu mwenye video ishirini anazozijua kama vidole vyake ni tajiri kuliko sisi tuliokuwa na mia tatu tusizozijua. Hali kadhalika, umeme ukikatika, daftari bado husomeka.

Gunia na nafaka

Kuhusu kile kioo cheusi, maelezo yake ni haya. Jina linaloishia na MP4 au MKV ni kama gunia. Halisemi ni nafaka gani iliyomo. Picha zilizo ndani huwa zimebanwa kwa njia mbalimbali. Njia iitwayo H.264, ya mwaka 2003, husomwa na karibu kila chombo, H.265, ya mwaka 2013, hubana zaidi, lakini vyombo vya zamani huenda visiifungue. Ndiyo maana sauti yaweza kutoka na picha isionekane. Dawa mojawapo ni programu ya VLC, ambayo hubeba yenyewe uwezo wa kufungua aina nyingi za video na hutolewa bure. Yafaa walimu wanafunzi wajue kwamba programu hiyo ilitokana na kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1996.

Liko na jambo la ukubwa. Dakika moja ya video safi ya simu yaweza kuzidi megabaiti 100, hivyo kipindi cha dakika 40 huweza kupita gigabaiti 4. Flashi iliyoandaliwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 haipokei faili moja la kiasi hicho, hata kama ina nafasi tupu ya gigabaiti 30. Mwanafunzi mmoja alihangaika usiku kucha akidhani flashi yake imeharibika. Ilitosha kuiandaa upya kwa mtindo wa exFAT, baada ya kuhamisha kwanza vilivyokuwamo, kwa sababu kuiandaa upya hufuta kila kitu.

Kwa kifupi, kanuni ni hii: jaribu video katika chombo kile kile utakachokwenda nacho darasani, siku moja kabla, na betri ikiwa imejaa.

Namna ya kutazama

Kuonyesha video si kufundisha. Mwalimu hana budi kuitazama mara mbili kabla ya kuandika andalio la somo: mara ya kwanza mfululizo, mara ya pili akisimamisha na kuandika dakika na swali. Kwa ile ya mbegu tuliandika hivi: sekunde ya 25, simamisha, uliza, "Ni nini kitakachotoka kwanza, mzizi au jani?" Watoto wabuni, ndipo waone. Swali linaloulizwa kabla ya jibu kuonekana huamsha macho. Likiulizwa baadaye hupima kumbukumbu tu.

Aidha, kishikwambi kimoja hakitoshi watoto 73. Tumeona kwamba watoto sita au saba wakikizunguka huona vizuri. Wakizidi, wa nyuma huanza kusukumana. Basi kundi moja litazame dakika mbili huku mengine yakichunguza maharagwe halisi, kisha yabadilishane. Hapo tulimwelewa yule mama wa Morogoro: bilauri ndizo zilizokuwa somo, na video ilipaswa kuzisaidia.

Sauti iliyobaki

Sasa tueleze kosa lililotuuma zaidi. Tulikuwa na mkufunzi mwenzetu aliyekuwa stadi wa kufundisha kusoma na kuandika katika Darasa la Kwanza. Mwaka 2019, kabla hajastaafu, tulimrekodi masomo sita. Alifariki mwaka 2021. Kila mwaka tuliwaonyesha walimu wanafunzi jinsi alivyopanga silabi ubaoni, na jinsi alivyomngoja mtoto mzito wa kusoma bila kumkatiza.

Masomo yote sita yalikuwa katika diski moja ya nje. Mwaka 2023 diski hiyo ilianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi. Ilitoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Fundi aliifungua akatuonyesha sahani iliyokwaruzika. Hakukuwa na la kufanya. Tuliulizana nani ana nakala, na kila mmoja alidhani mwenzake anayo.

Baada ya miezi miwili, mwanafunzi wetu wa zamani anayefundisha mkoani Rukwa alitupigia simu. Alikuwa nayo masomo mawili, yaliyotumwa kwa WhatsApp mwaka 2019. Tulishukuru sana. Lakini WhatsApp hubana video ili isafiri kwa wepesi, na kubanwa huko kumefuta kilicho chembamba. Sauti yake twaisikia. Mkono wake twauona ukiandika. Maandishi ya chaki hayasomeki. Walimu wanafunzi wa sasa hutuuliza, "Mkufunzi, hapo aliandika nini?" nasi hujibu kwa kukumbuka, tukijua kwamba hatukumbuki yote.

Tangu hapo kila video ya thamani ina nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski, na moja nje ya chuo kabisa, ili moto au mwizi asichukue zote. Kila mwanzo wa muhula tunafungua kila nakala kuhakikisha inacheza. Mwenye dhamana ya kazi hiyo ameandikwa jina lake katika daftari.

Tahadhari moja ibaki akilini. Video ya darasa ina nyuso za watoto. Mtoto aliyeshindwa kusoma leo asije akachekwa mtaani kesho kwa sababu yetu. Pata ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, wala usiisambaze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yadai uangalifu huo.

Ndugu walimu wanafunzi, tunamalizia kwa ombi. Jioni ya leo fungueni simu na vishikwambi vyenu, mchague video tano za kazi, mzipe majina, mziandike daftarini, na kila moja mmpe mwenzenu nakala kwa waya au kwa flashi. Kazi hiyo haizidi saa moja. Sisi tuliiahirisha kwa miaka minne.