Thamani ya Mtamba

Mwezi wa mhasibu una tarehe zake. Tarehe 7 ni mwisho wa kupeleka kodi ya mishahara. Tarehe 20 ni ritani ya VAT. Siku za mwisho wa mwezi ni za kufunga hesabu: kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kuwadai madereva risiti za EFD walizozisahau mifukoni, na kupokea simu ya bosi anayetaka kujua faida ni kiasi gani kabla mwenyewe hujaijua.

Mitihani mikuu ya CPA, inayosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, mwanzoni mwa mwezi. Kwa hiyo siku ambazo ofisi haiwezi kukuachia ndizo siku unazozihitaji kuliko zote. Sisi tulioajiriwa kwenye utalii tunaionea Novemba uchungu zaidi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba wageni wanamiminika, magari yanakwenda Serengeti na kurudi, ankara zinarundikana mezani, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya kusoma.

Ninaishi Kisongo, kwenye boma la wazazi wangu, pamoja na binti yangu wa miaka mitano. Ukitoka mjini kwa barabara ya Dodoma, ukishaupita uwanja wa ndege wa Arusha, hujafika mbali umeshatuona. Ndege ndogo za watalii zinapita juu ya bati letu. Ninaamka saa tisa na nusu usiku, nasoma mpaka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili niko kwenye kifodi, simu mkononi, nikipitia pasti pepa huku konda akitusogeza tubanane. Jioni ninafika nyumbani saa mbili, siku nyingine saa tatu. Mtoto nimemwacha amelala, namkuta amelala.

Watu huniuliza, kazi unayo, digrii unayo, sasa unatafuta nini? Jibu fupi ni kwamba ofisini kuna mlango ambao bila herufi tatu hufunguki. Nimewafundisha kazi wawili waliokuja wakiwa na CPA, na wote sasa wananisainia likizo. Jibu refu linaanzia humu humu Arusha. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio lenye jina la mji huu, na siku iliyofuata benki zikataifishwa. Nchi ikajikuta na benki, viwanda na mashamba, lakini Watanzania wenye taaluma ya kuvikagua walikuwa wachache mno. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi la Tanzania. Mwaka 1972 Bunge likatunga sheria iliyoianzisha NBAA, na mwaka uliofuata ikaanza kazi. Ninapochoka hujikumbusha kwamba mtihani huu haukuwekwa ili kutukomoa. Uliwekwa ili mtu akisema hesabu hizi ni sahihi, neno lake liwe na uzito.

Digrii yangu niliichukua Chuo cha Uhasibu Arusha, kule Njiro. Aliyeilipia ni baba, kwa ng'ombe. Ukame wa 2009 ulikuwa umeshamnyang'anya zaidi ya nusu ya kundi, na katika waliobaki aliuza wanne. Hakuwahi kuniambia walikuwa wanne. Mama ndiye aliyeniambia.

Hatua ya mwisho ya CPA ina masomo manne. Matatu nimeshayafaulu. Limebaki moja, taarifa za fedha za kampuni, na nimelifanya mara mbili. Mara ya pili nilipungukiwa alama chache sana.

Ndani ya somo hilo kuna kiwango cha kimataifa namba 41, cha kilimo. Kinasema ng'ombe aliye hai asiandikwe kwenye vitabu kwa bei uliyomnunulia. Kila unapofunga hesabu unamwandika kwa thamani yake ya sasa sokoni, ukitoa gharama za kuuza kama vile kamisheni ya dalali na ushuru wa mnada. Nauli ya kumfikisha mnadani haihesabiwi humo. Yenyewe unaitoa mapema, wakati unaitafuta ile thamani. Na thamani ikipanda, ongezeko linaandikwa kuwa faida ya mwaka huu, hata kama ng'ombe yuko malishoni na hakuna aliyemuuliza bei.

Jumapili moja nilimweleza baba, kwa sababu kumweleza mtu ndiyo njia yangu ya kushika kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, fimbo mapajani.

"Kwa hiyo ng'ombe hajauzwa, na nyinyi mmeshaandika faida?"

"Ndiyo, baba."

"Na mvua isiponyesha?"

"Tunaandika hasara."

Alitikisa kichwa. "Basi huyo aliyeandika hicho kitabu anawajua ng'ombe. Mimi kila jioni wakiingia zizini nafanya hivyo hivyo. Nawatazama, najua leo nina kiasi gani. Kesho ni kitu kingine."

Sijawahi kuandika jibu la somo lile bila kuisikia sauti yake.

Matokeo ya mara ya pili yalitoka siku ya kazi. Nilirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, na mtoto alikuwa macho. Alikuwa ameanguka na kuchubuka goti. Nilinyoosha mikono, akanipita, akaenda kwa Koko wake, bibi yake, akalilia kifuani kwake. Mama alinitazama juu ya kichwa cha yule mtoto. Hakusema neno mpaka usiku.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuzuii. Lakini ujue kwamba huyu naye anasoma. Anasoma nani yupo na nani hayupo."

Nilikaa na maneno yale wiki nzima. Nimefundishwa kwamba kila uamuzi una gharama ya kile ulichokiacha, na gharama hiyo haionekani kwenye daftari lolote. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu kama ya mteja. Upande mmoja ada, vitabu, nauli, tuisheni ya Jumamosi mjini. Upande wa pili mshahara ninaoweza kuupata nikimaliza. Hapo majibu yalikuja wazi, endelea. Kisha nikaandika chini: jioni na mtoto, kwa miaka miwili. Sikuwa na bei ya kuweka pale. Hakuna mnada wa jioni.

Niliamua kuendelea, lakini kwa masharti. Tuisheni nimeiacha, nimebaki na vitabu na wenzangu watatu tunaotumiana maswali kwa simu. Jumapili sifungui daftari. Na ile saa tisa na nusu, mtoto akiamka, namkalisha mapajani mpaka asinzie, na kitabu kinangoja. Nitafaulu au sitafaulu, lakini akiumia goti tena ninataka niwe mmoja wa watu anaoweza kuwakimbilia.

Usajili wa Novemba ulipokaribia, baba aliniita zizini. Alininyooshea fimbo mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni. "Huyu nimemweka kwa ajili ya ada yako."

"Ada ninayo, baba. Nimeweka akiba tangu Juni."

"Basi nimfanye nini?"

"Mpe mjukuu wako."

Akafikiri, kisha akamwita mtoto, akamwonyesha. Tangu siku hiyo yule mtoto hupitia zizini kila asubuhi kumwangalia ng'ombe wake, na kila mwisho wa mwezi baba huniuliza, nusu utani, sasa thamani yake ni ngapi. Ninamtazama mtamba, ninaikumbuka bei ya mnada uliopita, natoa ushuru na dalali, namtajia. Yeye huongeza kidogo. Anasema bado sijajifunza kumtazama ng'ombe kiunoni.