Simu yake ililia

Leo hakuna video. Hii stori siwezi kuisema nikiangalia kamera, kwa hivyo someni tu.

Wale tumekuwa pamoja tangu niache chuo mnajua nilitoka mwaka wa pili. Karo ilikuwa imelala, na mathe alikuwa amechoka kupigia wajomba simu. Nikasema nitaishi na kontenti. Kontenti ililipa bando, ikalipa nywele, na nyumba yangu hapa Ruiru ikalipa nusu. Nusu ingine ni stori ya siku ingine. Mwaka jana mathe akaniita kwa kibanda chake cha mboga pale Makongeni, Thika, akaniambia, "Mimi sikukatazi hiyo simu yako. Lakini nataka karatasi moja tu kwa nyumba yenye imeandikwa jina lako."

Ndio nikaingia CPA. Wasee wengi hudhani lazima uwe na digrii kwanza. Hapana. Ukiwa na C+ ya KCSE Kasneb wanakusajili, na wewe uliyeacha chuo unakaa kiti sawa na mwenye amevaa gauni na kofia. Kuna levo tatu, Foundation, Intermediate na Advanced. Foundation na Intermediate zina pepa sita kila moja, na kupita ni 50. Mtihani unakuja Aprili, Agosti na Disemba, unabuku zile pepa mfuko wako unaweza. Mimi nilibuku tatu. Pesa ya kubuku mathe alikopa kwa chama.

Hiyo ya chama msiisahau, tutarudi hapo.

Sasa, sheria. Ukisoma sheria za chumba cha mtihani mara ya kwanza unaweza fikiri umehukumiwa. Ufike nusu saa kabla. Pepa ikianza na wewe ukachelewa nusu saa, huingii. Kama lori limelala pale Juja na Thika Road imefunga mpaka Witeithie, hiyo ni shida yako na lori. Ukishaingia pia hutoki mpaka nusu saa ya kwanza iishe. Ubebe kitambulisho na ile barua ya kukuruhusu kufanya mtihani. Jina lako lisionekane mahali popote kwa majibu, ni namba ya usajili peke yake. Kalkuleta iwe ya kutoshea mfukoni, isipige kelele, isiwe ya kuprogramu, na isiwe na waya. Hapo kwa waya nilicheka peke yangu kwa mathree. Kasneb iko tangu 1969, na nadhani kuna sheria zingine zilizaliwa wakati mtu angeweza kuja na mashine ya kuhesabu ya kuchomeka kwa ukuta.

Halafu kuna moja fupi, haina hata maelezo. Simu haziruhusiwi kabisa ndani ya chumba cha mtihani. Haijasema zikizimwa ni sawa, wala ukiiweka chini ya kiti. Simu, chumba, hapana.

Wiki moja kabla ya pepa niliingizwa kwa grupu fulani ya mtandaoni. Sikuomba, nilijipata tu ndani. Kulikuwa na mtu anauza Financial Accounting, ile ya kwanza kabisa kwangu, 1,500. Alikuwa na ushahidi, ama alichoita ushahidi: picha ya karatasi iliyofunikwa nusu, na watu wakiandika "asante mkubwa, zilikuja zote." Nilijua ni makosa. Sitaki mtu aniambie sikujua. Hata nilikuwa nimesoma kwamba Sheria ya Wahasibu ya 2008 ina kifungu kizima cha makosa ya mtihani, cha 42, kwa hivyo hii si kesi ya kuitwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu na kutumwa kuleta mzazi. Hii inaweza kukupeleka kortini. Lakini ukishaacha kitu kimoja mbele ya familia yote, kushindwa tena mara ya pili kunakutisha kuliko kifungu chochote. Nikatuma. Kwa pesa ya nauli na lunch ambayo mathe alitoa kwa ule mkopo wa chama.

Nikapata maswali matano, kama vile pepa huwa. Nikakesha nayo siku mbili. Vitabu nikafunga.

Siku yenyewe nilitoka Ruiru kukiwa na giza kidogo, konda akinilipisha bei ya saa ya msongamano na barabara iko wazi. Nilifika mapema sana. Kituo sitakitaja. Nje ya chumba kulikuwa na katoni ya maji ya chupa juu ya benchi, na ndani ya katoni simu za watu. Hakuna namba, hakuna karatasi, hakuna mtu amesimama hapo. Katoni tu, na korido inayopitwa na kila mtu.

Mimi nilikuwa nimejisahau. Nimekaa, nimepanga kalamu, msimamizi akasema, "Mwenye ana simu, hata imezimwa, atoe sasa. Nikishagawa karatasi sitasikia maelezo." Nikaguza hudi, iko. Damu ilienda kwa miguu. Nikainuka mbele ya watu wote, nikatoka, nikaiweka kwa katoni, nikarudi. Yangu imepasuka kioo, mwizi mwenyewe angeirudisha.

Kwa safu ya pembeni kulikuwa na jamaa mwenye jaketi la boda. Aliniangalia nikitoka. Aliniangalia nikirudi. Hakuinuka.

Tukaanza. Niliisoma pepa kutoka juu mpaka chini, nikarudia, nikageuza nyuma nione kama kuna karatasi imebaki. Yale maswali yangu matano hakuna hata moja. Mada zingine zilifanana, ni kweli, lakini mada zinafanana kila mwaka, hesabu za ubia haziendi popote. Nilikaa hapo nikijaribu kukumbuka vitu nilivyojua kabla ya kununua. Pepa ni masaa matatu. Mimi nilifanya ya lisaa limoja na nusu, hiyo ingine nilikuwa naomboleza.

Katikati ya hayo ndio simu ilitetemeka. Chumba kimenyamaza, meza ni ya mbao, kila mtu alisikia. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikaanza tena. Msimamizi hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwa yule jamaa, akachukua simu, akachukua karatasi ya majibu, akamwambia chini chini waende nje. Jamaa hakubishana. Alichukua helmeti yake chini ya kiti.

Nilimpata baadaye kwa steji, sote tunarudi upande wa Ruiru. Nilidhani atanikasirikia, sijui kwa nini. Akaniambia tu, "Siste, wewe ulifanya poa." Halafu akanieleza. Simu yake ni ya zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, ukikosa inajifunga. Alikuwa amebakisha karibu miezi mitatu kumaliza. Wateja wake wote wako kwa hiyo simu, na hata aliyepiga alikuwa mteja anataka kupelekwa Kamakis. "Niiwache kwa katoni? Ikiibiwa nitaendelea kuilipa na sina." Alidhani ameizima sauti yote. Nilimuuliza kama alikuwa na kitu ndani, pepa, noti, chochote. Akacheka. Akasema kama angekuwa na pepa asingekuwa anatoka jasho kwa swali la kwanza.

Namuamini. Na najua imani yangu haisaidii kitu, kwa sababu ile sheria haiulizi ulikuwa unafanya nini na simu. Inauliza kama ulikuwa nayo. Adhabu zenyewe ziko wazi: wanaweza kufuta matokeo yako, wanaweza kukuzuia kufanya mitihani yao, wanaweza kukutoa kabisa kwa usajili. Alijaza fomu. Sasa anangoja barua.

Sasa mnadhani nitasema hizo sheria ni za kuonea maskini. Nilitaka kusema hivyo. Niliandika hata skripti, nikafuta.

Shida ni hii. Mimi niliyenunua nilimaliza pepa, nikarudisha karatasi, nikatoka nikisalimia watu. Nilikuwa msafi kabisa mbele ya sheria ya chumba, kwa sababu uchafu wangu ulikuwa kwa kichwa, na hata huo ulikuwa feki. Msimamizi hana mashine ya kupima roho. Ana macho mawili na chumba kimejaa. Akianza kusikiliza kila mtu mwenye simu anaeleza kwa nini yuko nayo, mimi ningekuwa na maelezo matamu kuliko yule jamaa. Kuongea ndio kazi yangu! Sheria isiyosikiliza hadithi inamuumiza mkweli, sikatai, lakini ikianza kusikiliza itabeba watu kama mimi.

Na msifikiri ni sisi tu huku. Mwaka wa 2022 kampuni ya EY, moja ya zile nne kubwa za ukaguzi wa hesabu duniani, ilitozwa dola milioni 100 Marekani kwa sababu wafanyakazi wake walidanganya kwa mitihani, ikiwemo ile sehemu ya maadili ya CPA ya kwao. Maadili, jameni. Hao ndio huja kukagua kama wengine wameiba.

Nakumbuka pia 2016, nikiwa bado primary, Matiang'i alipokaza KCSE. A zilitoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia zikabaki 141. Kaka zetu walilia, wengine tukawacheka. Lakini ile C+ iliyonifungulia mlango wa CPA ina thamani kwa sababu mtu alikaza mahali. Kama karatasi ya mathe inaweza kununuliwa 1,500, basi mwenye 1,500 nyingi ndiye atakuwa mhasibu, na mimi na yule wa boda tutabaki kwa steji na vyeti vyetu.

Kile nakataa ni katoni. Ukimwambia mtu simu yake haiingii, na unajua siku hizi simu ni duka, ni benki, ni kazi, basi mpe mahali pa kuiacha ambapo itakuwa akirudi. Bahasha yenye namba yake ya usajili na kabati lenye kufuli, hiyo ni gharama gani? Mahali ninapofanyia sasa kuna mama anauza chai nje, anashika simu kwa 50, anakupa kadi ya namba aliyokata kutoka kwa boksi la Indomie. Mama wa chai aliona shida ambayo kituo hakikuona.

Matokeo yalitoka. Communication Skills nilipita, sheria nilipita. Financial Accounting nilipata 38. Baadaye nikanunua kitabu cha pepa za zamani pale mjini Thika, na wale matano wangu nikawapata humo wote, mpaka majina ya wabia, ni tarehe tu ilibadilishwa.

Jumamosi iliyopita nilienda Makongeni nikamwambia mathe kila kitu. Hakupandisha sauti. Aliendelea kukata sukuma, akauliza hiyo pepa ilikuwa na maswali mangapi. Nikasema matano. Akasimamisha kisu.

"Mia tatu kila swali," akasema. Halafu akaangalia ile rundo la sukuma mbele yake, mdomo ukitembea, akihesabu.