Hawarden: Kijiji Kilichorithishwa Vitabu



Wengi wetu tuishio Uingereza tunazifahamu Liverpool na Manchester, kwa sababu ya kazi, jamaa na arusi. Ni wachache walioendelea mbele kidogo, wakauvuka mpaka wa Wales na kufika Hawarden. Ni kijiji kilicho maili 7 hivi kutoka mji wa Chester, chenye barabara kuu moja, kanisa la kale na magofu ya ngome. Hakina soko la kutajwa wala ufuko wa bahari. Hata hivyo, watu husafiri kutoka nchi za mbali kukiendea, kwa ajili ya vitabu vya mzee mmoja.

Mzee huyo ni William Ewart Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne kati ya 1868 na 1894. Alikuwa Mkristo mshika dini na msomaji asiyechoka. Vitabu vyake vya elimu ya dini na historia viliijaza nyumba yake hapo Hawarden. Uzeeni likamshughulisha jambo moja: kuna vitabu vinavyokaa bila wasomaji, na kuna wasomaji wanaokaa bila vitabu. Vipi watakutana?

Hakuliacha swali hilo kwa warithi. Mwaka 1889, akikaribia umri wa miaka 80, alisimamisha jengo la mabati pale kijijini. Kisha vitabu vikaanza kuhamishwa kutoka nyumbani kwake, umbali wa robo tatu ya maili, vingine vikisukumwa kwa toroli. Bintiye Mary na mtumishi wake wa nyumbani walimsaidia, lakini kazi kubwa ya kuvifungua na kuvipanga aliifanya kwa mikono yake mwenyewe. Vitabu alivyovitoa vilifika 32,000, na pamoja navyo alitenga pauni 40,000 za kuviendesha, akijua kwamba kitabu kisichokuwa na mtunzaji huliwa na mchwa na unyevu.

Gladstone alifariki mwaka 1898. Watu wakachangishana fedha ili mabati yale yapishe jengo la kudumu, ndilo hili tulionalo leo: la mawe mekundu, lenye madirisha marefu, katikati ya bustani. Lilifunguliwa kwa sherehe tarehe 14 Oktoba 1902. Mwaka 1906 ukafunguliwa upande wa malazi uliojengwa na familia yake, kwani nia yake ilikuwa msomaji aliyetoka mbali apate kitanda na chakula chini ya paa moja na vitabu. Furaha ile haikuisha na ufunguzi. Mwaka 2013 walianzisha hapo tamasha la vitabu, waandishi na wasomaji wakakutana katika kijiji ambacho bila ya wakfu ule kisingekuwa na sababu ya kuwaita.

Mbele ya jengo imesimama sanamu yake, nayo ina kisa. Ilikusudiwa kuwekwa Dublin, lakini wenyeji wa huko waliikataa, na mwaka 1925 ikaletwa Hawarden.

Ndani, ukumbi una ghorofa ya mbao inayozunguka juu, na rafu zimetoka ukutani kuelekea katikati, mpangilio ambao Gladstone mwenyewe aliufikiria na kuuandikia. Ukimya ni mwingi kiasi cha kusikia ukurasa ukifunuliwa. Katika pambizo za vitabu vyake zimebaki alama zake za kalamu. Pale asipokubaliana na mwandishi aliandika neno fupi la Kitaliano, 'ma', maana yake 'lakini'. Kwangu mimi niliyesomesha miaka mingi, alama hizo zina thamani kuliko sanamu, kwa kuwa zinaonyesha mtu akijadiliana na kitabu badala ya kukiweka kwa pambo.

Sisi nasi tuna 'lakini' yetu. Gladstone huyu ndiye aliyeandika kijitabu cha mwaka 1876 kuhusu mauaji ya Bulgaria, akawasema Waturuki kwa maneno makali yaliyowaumiza Waislamu wengi. Serikali yake ndiyo iliyoipiga mizinga Iskandaria mwaka 1882 na kuikalia Misri. Utajiri wa baba yake ulitokana kwa sehemu kubwa na mashamba ya watumwa huko Karibiani, na mwaka 2023 wazao wao walikwenda Guyana kuomba radhi. Haya yasifichwe kwa sababu ya uzuri wa rafu. Lakini vitabu vilivyowekwa wazi vimekuwa na njia yake. Katika karne hii maktaba hiyo hiyo ilianza kukusanya vitabu vya kuueleza Uislamu, katika mpango ulioitwa Nyumba ya Hekima, kwa kuikumbuka Baytul Hikma ya Baghdad.

Aliyoyafanya mzee yule sisi tuna jina lake: wakfu. Sote tunaijua hadithi ya amali tatu zisizokatika mtu afapo, na elimu yenye kunufaisha ni mojawapo. Wazee wetu waliitekeleza. Msikiti wa Riyadha, Lamu, una miswada ya kale, na katika baadhi yake imeandikwa wazi kuwa ni wakfu. Miswada hiyo imepigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na hivyo yeyote anaweza kuisoma.

Sasa tutazame majumbani mwetu huku ugenini. Katika makabati yetu mna tafsiri za Qur'ani, vitabu vya fiqhi vilivyobebwa katika masanduku, tenzi zilizonakiliwa kwa mkono katika hati za Kiarabu, na barua za mababu. Watoto wetu wengi hawazisomi hati hizo. Siku mzee anapoondoka, nyumba inatakiwa kukabidhiwa upesi, na vitabu huishia katika mifuko ya takataka kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini. Hilo limekwisha kutokea miongoni mwetu.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mzee aorodheshe vitabu vyake akiwa hai, aandike kila kimoja kinahusu nini, na amtaje atakayekipokea. Pili, madrasa zetu zitenge rafu moja yenye msimamizi, na fedha kidogo za kuitunza. Tatu, vijana wafundishwe kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwani kitabu kisicho na msomaji ni mzigo tu.

Na mwenye nafasi awapeleke watoto Hawarden. Waone kuwa mtu wa miaka themanini anaweza kusukuma toroli.

Wabillahi tawfiq.