Boti ya Mjomba, Kiti cha Bibi

Mjomba anasema boti moja haiwezi kuhudumia nyumba mbili. Ikiwa ni ya kuvua, ivue. Ikiwa ni ya kutembeza watu, itembeze. Ukichanganya utapata suruali ya shule iliyokatwa ikawa kaptura: darasani haivaliki, uwanjani haikimbiliki.

Mama naye anasema pesa ni moja, kwa hivyo boti ni moja. Na kwa sababu mimi ndiye wa familia ninayeshinda na laptopu, kazi ya kutafuta boti hiyo moja ilinidondokea. Si ati najua bahari kuliko Mjomba. Yeye amevua kutoka Shimoni tangu kabla sijazaliwa. Lakini nikiwa mtu wa kuandika makala za watu kwa malipo ya neno kwa neno, nimezoea kusoma kuhusu vitu nisivyovimiliki. Nimeandika kuhusu magodoro, kuhusu bima, kuhusu nyumba za Kilimani. Boti ilikuwa zamu ya kitu chetu.

Pesa zenyewe zilikuwa hivi. Mama alikuwa na laki nne kwenye sacco baada ya kustaafu. Kaka yangu aliye Doha alituma laki tatu. Mjomba aliweka laki moja na elfu kumi, akiba yake pamoja na mashine yake kuukuu aliyoiuza. Jumla 810,000. Halafu kuna 120,000 nyingine ambazo Mama amezihifadhi kando tangu nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, baada ya Baba kufariki. Anaziita "za karo". Mimi siziiti chochote. Nitazirudia.

Na abiria wetu ni Bibi. (Ndugu zangu wa Nairobi, Pwani bibi ni mamake mama. Mke ana jina lake.) Bibi anaishi Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, kinachotazamana na Shimoni. Magoti yake hayapandi tena chombo kinachoyumba. Tangu mwaka juzi amevuka mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kwenda hospitali Msambweni. Mama anataka Bibi avuke kwa furaha pia. Aende Funzi kwa Idi. Aone mchanga wa Kisite unapojitokeza maji yakipwa, akae chini ya kivuli, ale samaki, arudi nyumbani kabla ya magharibi.

Kwa hivyo nilianza na orodha mbili. Mjomba alitaka nafasi wazi ya kuvuta mshipi bila kugonga nguzo, mahali pa barafu, na boti inayoweza kutoka nje ya miamba hadi mkondo wa Pemba, kwenye jodari na nguru. Bibi, kupitia kwa Mama, alitaka kivuli, kiti chenye mgongo, ngazi, na mahali pa kujisitiri. Hili la mwisho wanaume huwa hawaliandiki. Mama aliniambia wazi: safari ya zaidi ya saa mbili ambayo mwanamke hana pa kwenda haja si matembezi, ni adhabu.

Ukiweka orodha hizo kando kwa kando, unaona kwamba zinagombania kitu kimoja: nafasi. Kila futi ya kivuli ni futi ambayo mvuvi hawezi kurushia mshipi.

Nilijifunza kwanza kuhusu tumbo la boti, kwa sababu huwezi kulibadilisha baadaye. Tumbo bapa ni zuri kwenye maji madogo. Linapita juu ya mafungu, linapanda ufuoni, na likisimama halilewilewi. Lakini ukikimbia nalo wimbi likiwa limeamka, linapiga maji pa! pa! pa! hadi meno yanagongana. Tumbo lenye ncha kali linakata wimbi kama kisu, ila likisimama linabembea ubavu kwa ubavu, na linahitaji mashine kubwa zaidi ili liinuke. Mvuvi hukaa sana amesimama. Bibi hukaa sana safarini. Tukaamua kutafuta la katikati: ncha ya wastani mbele, inayolainika ikienda nyuma.

Halafu msimu. Wageni hufikiri bahari ni bahari. Sisi tuna kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na kusi inayoanza kuvuma Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba hivi. Kusi likichacha, boti ndogo nje ya miamba ni kutafuta ubishi na Mola. Mjomba huwa anabaki ndani, upande wa mikoko. Kwa hivyo boti yetu ingeishi maisha mawili hata bila Bibi: miezi ya nje na miezi ya ndani. Hapo ndipo nilipoanza kumshika Mjomba kwenye hoja yake. Miezi ya kusi, akiwa hatoki mbali, boti ifanye nini? Alikohoa. Hakujibu.

Urefu tuliufunga kwenye futi 23, kama mita saba. Chini ya hapo, sanduku la barafu na kiti haviwezi kukaa pamoja. Juu ya hapo, gharama inapanda kwa haraka kuliko futi zenyewe, kwa sababu boti kubwa inataka mashine kubwa, na mashine kubwa haijui kunywa kidogo.

Hesabu ya mafuta ndiyo iliyotuumiza kichwa. Mashine ya nguvu za farasi 40 ukiikaza mwisho inaweza kumaliza lita 15 kwa saa, na zile za zamani za kuchanganya oili na petroli hupita hapo. Tuliweka petroli shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Saa mbili za mwendo, kwenda na kurudi, ni lita 30, yaani shilingi 5,400, kabla hujanunua chambo wala barafu. Siku ya kutoka mtupu, hizo ni pesa umezimwaga baharini. Mashine za kisasa zisizochanganywa oili zinakunywa kidogo na hazipigi kelele, lakini ni nzito na bei yake ni ya kuongea ukiwa umekaa. Tena Mjomba aliuliza swali ambalo hakuna makala niliyosoma ililiuliza: ikikwama, nani Shimoni ataifungua? Ile ya kuchanganya, kila fundi wa ufuoni anaijua kama anavyowajua watoto wake. Tukachukua hiyo.

Mtwapa ndiko tulikoipata faiba, imekaa juu ya magogo, rangi imechujuka. Muuzaji alianzia 560,000. Kabla ya bei nilifanya nilichokisoma: nikatoa sarafu ya shilingi ishirini nikaanza kugonga tezi, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Ndani ya faiba mara nyingi kuna ubao, na maji yakiingia kupitia tundu la skrubu ubao unaoza bila wewe kuona. Penye afya panalia kavu, ko. Palipooza panalia dup, kama unagonga mkate. Boti ya kwanza tuliyoiona ililia dup kona nzima ya kushoto. Hii ililia ko kila mahali. Mjomba alinitazama kama mtu aliyekuta paka wake anasoma gazeti. Halafu naye akafanya lake: akashika mashine ya majaribio iliyofungwa pale nyuma akaitikisa kwa nguvu zote, kuona kama ukuta unacheza. Haukucheza.

Tukaomba ishushwe majini na tukapakia watu wanane, wale vijana wa pale pale waliokuwa wanatutazama. Boti tupu husema uongo. Ikiwa na watu ndiyo unaona ubavu umebaki juu ya maji kiasi gani, na maji yakiruka ndani yanatoka vipi. Sakafu ya hii imeinuliwa juu kidogo ya usawa wa bahari, ina matundu nyuma, na maji yanajitokea yenyewe bila mtu kushinda akiyafuta kwa kopo. Tulishuka hadi 480,000. Mashine iliyotumika, ya farasi 40, 260,000. Tulibaki na 70,000 za turubai, nanga, kamba, jaketi za kuokolea maisha, na ukaguzi na leseni. Leseni ya chombo ni ya KMA, ya kuvua ni ya idara ya uvuvi, na kitu kimoja nilikuwa wazi nacho: hii ni boti ya uvuvi na familia. Siku tukitaka kubeba watu kwa nauli, hiyo ni leseni nyingine na maongezi mengine.

Hapo ndipo zile 120,000 zilipoingia mezani.

Kila nilichosoma kilisema usitoke nje ya miamba ukitegemea mashine moja. Mashine ndogo ya akiba, ya farasi 15, iliyotumika, ilikuwa inauzwa 120,000. Ndiyo, hesabu ileile. Nilimwambia Mama pesa ziko. Niliongea vizuri, nilikuwa na sababu: Mjomba ana watoto wanne, Bibi atakuwa ndani, bahari haina kituo cha matatu cha kusubiria nyingine. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akakunja khanga yake magotini, akasema, "Karo si petroli."

Nilikasirika. Sikuwa nimemwomba azihifadhi. Miaka mitatu sasa nimelipa kodi yangu kwa kuandika, na kila nikirudi nyumbani zile pesa zimekaa mahali zinanitazama. Kwangu ilikuwa wazi: injini inaweza kuokoa mtu, cheti ambacho sijui kama nakitaka hakiwezi. Nilimwambia hivyo. Yeye akasema uhai ni wa Mungu na karo ni yangu, na hakuna kati ya hivyo viwili ambacho yeye ana ruhusa ya kukiuza.

Mjomba ndiye aliyetutoa. Alikuwa kimya muda wote, halafu akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Akaondoka, akarudi na tanga. Lile tanga la mashua yake iliyooza, limekunjwa, linanuka moshi na samaki, pamoja na foromali yake. Akasema tutaweka mlingoti mfupi wa kung'oa. Nilipinga: boti ya faiba haikuumbwa kwa tanga, haiwezi kukata upepo. Akakubali. Haitakupeleka utakako, akasema, itakupeleka upepo uendako. Lakini kusi inasukuma kuelekea Funzi na Gazi, na kaskazi inasukuma kuelekea Vanga. Kote huko ni ardhi na watu. "Na ukizubaa?" nikauliza. "Ukizubaa, tanga litakufikisha Tanga."

Mama alicheka hadi akafuta machozi, na maneno yakaishia hapo. Tuliongeza sharti moja: nje ya miamba, Mjomba haendi bila boti nyingine ndani ya upeo wa macho.

Sasa boti iko hivi. Sanduku la barafu ndilo kiti, lina godoro jembamba juu na ubao wa kuegemea unaochomolewa. Limewekwa nyuma kidogo ya katikati, kwa sababu hapo ndipo mtikiso unapungua, omo ndiko kunakorusha watu. Kivuli ni turubai juu ya mabomba yanayokunjwa, siku ya kuvua yanalala kabisa. Ngazi ya mbao inaning'inizwa ubavuni. Mahali pa kujisitiri ni ndoo yenye kifuniko na pazia linalozunguka. Tukipita Kisite, mishipi inaingia chini ya sakafu, maana ndani ya mbuga hiyo hakuna kuvua kabisa.

Kitu ambacho hatukukipangia ni maji matamu. Mashine ya boti inataka kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila ikirudi, la sivyo chumvi inaila kutoka ndani. Wasini haina mto wala chemchemi, watu wamekinga mvua kwenye mabirika kwa vizazi. Mtu aliyekulia kwa kuhesabu kata hawezi kutazama mtungi mzima ukimwagiwa chuma. Bibi aliposikia alisema chombo chenu kinaoga kuniliko mimi, na akakataza maji yake yasiguswe. Kwa hivyo boti inalala Shimoni, bara, na inakwenda kumchukua. Ukifikiria, hiyo ndiyo heshima.

Mjomba bado anasema boti moja haihudumii nyumba mbili. Anasema akiwa amekaa kwenye kile kiti chenye mgongo, anafunga ndoana, turubai likiwa wazi juu ya kichwa chake, siku ambayo hakuna abiria yeyote.

Na zile 120,000 ziko sacco. Mama hajaniuliza tena. Mwezi jana nilifungua tovuti ya chuo nikaangalia tarehe za kurudi kwa walioahirisha masomo. Sikujaza fomu. Lakini nilizisoma zote.