Mmea wa Vipepeo

Watoto, mimi napenda kulima bustani. Nyuma ya nyumba nimepanda maboga na maharagwe, na kando yake nimeotesha mmea mmoja wa porini. Watu wengi huung'oa, wakidhani ni magugu tu. Majani yake ni membamba, na tunda lake limevimba kama kibofu. Ukivunja jani, unatoka utomvu mweupe kama maziwa.

Siku moja mtoto mmoja alinijia mbio akasema: «Furere, viwavi wanamaliza majani yako! Niwaue?»

Nikamjibu: «Waache, mwanangu. Mmea huu nimeuotesha kwa ajili yao.»

Tukainama, tukatazama. Kila kiwavi alikuwa na mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na pembe laini 6 mgongoni. Mama yao ni kipepeo wa rangi ya machungwa. Ncha za mabawa yake ni nyeusi zenye madoa meupe. Hutaga mayai juu ya mmea huu au mimea ya ukoo wake, kwa sababu watoto wake hawali majani ya mahindi wala ya maharagwe. Mmea ukikosekana, kipepeo naye hukosekana.

«Je, tuwakaange?» akauliza tena. Kwetu viwavi wengine ni kitoweo kizuri cha bukari. Lakini nilimkataza kabisa. Utomvu ule una sumu. Kiwavi haumizwi nayo. Huiweka mwilini mwake, nayo humlinda hata akiisha kuwa kipepeo. Ndege akimwonja humtema, na siku nyingine akiona rangi ile humwacha. Basi ninyi msionje mmea huo wala viwavi wake. Mkiushika, msiguse macho, nanyi mnawe mikono kwa sabuni.

Viwavi walikula, wakanenepa, wakajining'iniza na kujifunga ndani ya ganda. Kisha vipepeo wakatoka. Nao mmea ulichipua upya, ukatoa maua. Nyuki na nyigu huyafuata, na nyuki hao hutembelea maboga yangu pia. Boga lina maua dume na maua jike. Pasipo mdudu wa kuchukua unga wa manjano toka dume hata jike, halizai.

Kwa hiyo, watoto, mkipalilia bustani, acheni mashina machache ya mmea huo pembeni, mbali na mboga. Msihuzunike mkiona majani yametobolewa: hapo ndipo vipepeo wanapolelewa.