Maneno Yanayofanana si Ndugu Daima

Ingawa leo natumikia ofisini, ualimu niliosomea haujanitoka: bado hupenda kujua mwanafunzi hukwama wapi. Mfikirieni kijana wa Hispania, au wa Guinea ya Ikweta hapa Afrika, aendaye kusoma chuo kikuu Uingereza. Kihispania kimezaliwa na Kilatini, na Kiingereza nacho kimechota mengi humo. Basi kijana huyo huyaona maneno kama jamaa zake. Hapo ndipo penye mtego.

“Lectura” kwake ni kusoma. “Lecture” ya Kiingereza ni mhadhara. “Asistir” ni kuhudhuria. “Assist” ni kusaidia. “Bachillerato” huko Hispania ni miaka miwili ya mwisho ya sekondari. “Bachelor” ni shahada ya kwanza. Akijaza fomu kwa kufuata mlio tu, atadhaniwa mwongo, naye ni mkweli.

Ninyi ambao uhamisho wa kikosi huwapeleka watoto wenu penye lugha nyingine, wafundisheni kuuliza mapema: “Hapa neno hili lina maana gani?” Kuuliza si ujinga.